Mama Alikataa Nyama ya Brendan

Mama yangu mzazi, Ephrasia, mwanamke aliyenichapa nikiwa mtoto kwa sababu nilikataa uji wa jirani, alikaa mezani kwa Brendan Jumapili ile na koti lake mwilini, mikono mapajani, akakataa kula. Hakuonja. Hakugusa uma. Hata maji aliyowekewa yalibaki vilevile kwenye glasi mpaka tukaondoka. Nami niliyemleta pale nilitamani sakafu ipasuke inimeze.

Nilikasirika, wenzangu, wacha we! Lakini kwanza niwaambie chakula chenyewe kilivyopikwa, mjue kilichokataliwa ni nini.

Asubuhi nilimpeleka Mama misa hapa kwetu Richfield, nikamwacha na kina mama wenzake, nikashika barabara hadi Saint Paul. Brendan alikuwa jikoni tangu alfajiri. Yeye ni fundi wa mitambo ya kupasha nyumba joto, na Machi kwetu Minnesota bado ni baridi ya kupasua mabomba, kwa hiyo Jumapili ile ilikuwa mapumziko yake ya kwanza baada ya muda mrefu. Badala ya kulala, alikuwa amefunga aproni, amekunja mikono ya shati, anatoa nyama kwenye ndoo.

"Hiyo ni nini?" nilimuuliza.

"Corned beef."

"Uongo. Corned beef ni ya kopo."

Alicheka. Alikuwa amenunua kidari kizima cha ng'ombe, akakiloweka ndani ya friji kwa maji ya chumvi, pilipili manga, karafuu na mbegu za haradali, zaidi ya wiki. Kilikuwa kimegeuka rangi, kimekaza. Alikisuuza chini ya bomba taratibu, mbele na nyuma, kisha akakilaza ndani ya sufuria ya chuma nzito ajabu. Sufuria hiyo niliijua. Ilikuwa ya bibi yake, ajuza wa Kiayalandi aliyekaa katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi ya unesi. Pale kando ya kitanda chake ndipo mimi na Brendan tulipoanza kuangaliana, miaka miwili iliyopita, yule bibi akijifanya amelala.

"Ikishachemka unaikaanga?" nikauliza.

"Hapana."

"Hata kidogo? Vitunguu, nyanya, dania?"

"Natasha."

"Nauliza tu! Kwetu nyama ya kuchemsha ni ya mgonjwa."

"Kwetu ni ya sikukuu," alisema. "Wiki hii ni ya Mtakatifu Patriki. Na hiki kidari ni nyama ngumu. Ukikiharakisha kinakulipiza mezani."

Basi tukangoja. Alipunguza moto mpaka maji yakawa yanatikisika tu, akawa anaengua povu kwa kijiko kikubwa, anafunika, anafunua, anaonja mchuzi. Saa zikapita. Nyumba nzima ikajaa harufu ya karafuu na nyama, na mimi niliyekuwa nikidharau nikaanza kumeza mate. Nikangoja ageuke, nikachomoa mfukoni pakiti ya kiungo cha mchuzi mix niliyokuja nayo kutoka nyumbani. Mkono ulikuwa juu ya sufuria tayari aliponidaka.

"Lete."

"Kidogo tu, Brendan! Ladha!"

"Humo ndani kuna chumvi ya kutosha kukausha samaki wa ziwa zima." Akanipokonya pakiti, akaitia mfuko wa shati, na mkono wangu hakuuachia. Akaubusu kwenye kiganja. "Leo niachie mimi. Tafadhali."

Viazi na karoti viliingia baadaye, na kabeji ya mwisho kabisa. Kabeji yenyewe aliikata mapande makubwa, kila moja na kipande cha moyo wake, kama mtu anayelisha ng'ombe. Mimi kwetu kabeji hukatwa nyembamba kama uzi, ukikata nene mama mkwe anakurudisha kwenu. Nikamwambia hivyo. Hakucheka. Alifunika sufuria, akasimama ananiangalia kwa yale macho yake ya kijivu ambayo hunifanya nisahau nilikuwa nikibishana nini.

"Chakula hiki nilifundishwa na bibi," alisema. "Sijakipika tangu tumzike. Nataka mama yako ale kitu kilichotoka kwa watu wangu. Akishakula, nitamwambia."

"Utamwambia nini?"

"Unajua nini."

Nilijua. Nikashika ukingo wa meza. Mama alikuwa amekuja kunitembelea tangu Oktoba, na wiki ijayo alikuwa anapanda ndege kurudi Kakamega, na muda wote huo nilikuwa nimemwambia kwamba Brendan ni rafiki yangu. Rafiki aliyenirekebishia gari. Rafiki aliyekuja kutoa theluji mlangoni. Nilikuwa namwogopa Mama, nakubali, na nilikuwa namwogopa zaidi Shangazi Alice wa Brooklyn Center, ambaye kila akipiga simu alikuwa anamjaza Mama maneno: mzungu hana ukoo, mzungu akichoka anakwenda mahakamani, mzungu atawanyima wajukuu lugha. Nilijisemea, aje ale kwanza. Mtu akishakula kwako hawezi kukuchukia.

Loo, nilivyojidanganya!

Nilipomleta Mama, Brendan alikuwa mlangoni amevaa shati jeupe. Alikuwa amejifunza salamu kwenye simu.

"Shikamoo, Mama. Karibu sana," akasema, na mkono akaunyoosha.

Mama akautazama ule mkono. Akaifunga leso yake vizuri kichwani, akainamisha macho, akasema, "Asante." Basi. Mkono wa Brendan ukaning'inia hewani mpaka yeye mwenyewe akaurudisha.

Damu ikanipanda. Mama yangu husalimia hata madereva wa lori.

Tukaingia. Brendan akavuta kiti cha katikati, kile chenye mto. Mama akakipita, akakaa kile cha mwisho kando ya mlango. Brendan akataka kumpokea koti. Akakataa. Nikamwambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, "Mama, hapa kuna joto." Akanijibu, "Niko sawa."

Chakula kikaja. Brendan aliikata ile nyama mbele yetu, kinyume cha nyuzi zake, na kila kipande kikaanguka chenyewe kando ya kisu, chekundu, laini, kinachuruzika mchuzi. Akapanga na kabeji, viazi, karoti, na kijiko cha haradali pembeni. Sahani ya kwanza, ile nzuri zaidi, akamwekea Mama.

Tukasali. Mama alisali kwa nguvu, Amina yake ilisikika. Kisha akaweka mikono mapajani na kuangalia kitambaa cha meza.

"Mama, kula," nikasema.

"Kuleni nyinyi."

"Mama."

"Mwambie niko kwenye mfungo. Ni Kwaresima."

Mfungo gani wa Jumapili? Mama huyohuyo, Jumapili ya wiki iliyotangulia, alikuwa amemaliza tamale za jirani yangu Mmeksiko, ule unga wa mahindi wenye nyama ndani, akaomba na za kubeba! Lakini ningefanya nini? Nikamtafsiria Brendan, shingo ikiniwaka. Yeye akasema, "Sawa, hakuna shida," kwa adabu, na nikaona kitu kikizimika usoni mwake. Brendan ni Mkatoliki wa tangu babu zake. Anajua vizuri kuliko mimi kwamba Jumapili haifungwi.

"Basi anywe maji," alisema.

Mama akatikisa kichwa.

Mimi na Brendan tukala. Sijui kama niliwahi kula nyama tamu kama ile, na bado nilibakiza nusu. Mama hakumtazama Brendan hata mara moja. Akiulizwa, ananijibu mimi. Brendan akipita karibu, anasogeza miguu. Ungedhani kijana wa watu ana ukoma!

Nilipobeba sahani kuzirudisha jikoni, Brendan alinifuata akasukuma mlango.

"Amenidanganya usoni," alisema. Hakupaza sauti, na hilo liliniumiza zaidi. "Jumapili hakuna mfungo. Anajua, na anajua najua."

"Brendan, pole. Sijui kimempata nini."

"Angesema hapendi kabeji ningeelewa. Angesema nyama ina chumvi, ningemkaangia mayai. Lakini maji, Natasha? Ni mtu wa namna gani unamkatalia mpaka maji?"

"Usimseme mama yangu vibaya!"

"Simsemi vibaya. Nakuuliza wewe." Aliinua ile sahani ya Mama, chakula kimepoa, mafuta yameganda pembeni mwa kabeji. "Hii ni sufuria ya bibi yangu. Nimempa kitu cha pekee nilichonacho. Sasa wiki ijayo anaondoka, na wewe utaniambia nini? Ningoje tena? Miaka miwili mimi ni rafiki. Nimekuwa rafiki wa kutoa theluji. Nimechoka."

"Kwa hiyo unanipa masharti? Nichague, wewe au Mama?"

"Nakuomba uniambie mimi ni nani. Kama mama yako hawezi kuvumilia hata glasi yangu, basi niambie leo, niumie mara moja. Mpeleke nyumbani. Ukiwa na jibu, nipigie. Ukiwa huna, usinipigie."

Akanigeuzia mgongo, akafungua bomba. Nilitaka kumshika. Nilitaka kumrushia kitu. Nikachukua funguo zangu nikatoka, na machozi yalikuwa yakinichoma macho kama vitunguu.

Ndani ya gari Mama alifunga mkanda, akatulia. Nilitoka Saint Paul, nikaingia barabara kuu, theluji nyepesi inaanza kuanguka, mimi nikiendesha huku meno yameumana. Tulikuwa tumevuka mto ndipo alipofungua mdomo.

"Ana nyumba safi," alisema.

Ala! Hapo ndipo mori uliponipanda.

"Ana nyumba safi? Hilo ndilo la kusema? Mama, umeniaibisha! Mtu ameamka alfajiri kukupikia, wewe unakaa na koti kama mtu anayengoja basi! Mkono wake umeukataa, kiti chake umekikataa, maji yake umeyakataa! Wewe ndiye uliyetufundisha kataa neno, usikatae wito. Wito umeuitikia wa nini basi, wa kwenda kumtusi mtu kwake?"

Mama akaivuta leso yake mbele.

"Ni maneno ya Shangazi Alice, sivyo? Kwa sababu ni mzungu! Sema tu! Miaka yote tunawalalamikia wazungu, kumbe mbaguzi mkubwa ninaye nyumbani kwangu, analala kitandani kwangu!"

"Simamisha gari," Mama alisema.

"Hapa ni barabara kuu."

"Natasha. Simamisha gari."

Ile sauti naijua. Nilichukua njia ya kutokea iliyofuata, nikaingia uwanja wa kituo cha petroli, nikazima injini. Mama alijigeuza mzimamzima kitini.

"Rudia neno hilo."

Sikurudia.

"Tangu jana jioni sijatia kitu tumboni," alisema. "Nilifunga kwa ajili ya komunyo, na baada ya misa wale kina mama walinipa chai na mandazi nikakataa, kwa sababu wewe uliniambia tunakwenda kula. Hukuniambia kwa nani. Nimejua tukiwa tumeshafika. Ile nyama nimeisikia harufu kutoka ngazini. Mdomo ulinijaa mate kama mtoto. Aliponiwekea sahani nilikunja vidole mapajani hapa, hivi, ili mkono usiende wenyewe. Unafikiri sikuwa na njaa? Nina njaa mpaka sasa, kichwa kinanigonga! Nimeshinda njaa kwa ajili ya huyo kijana wako, nawe unaniita mbaguzi!"

"Kwa ajili yake? Kwa nini?"

"Yule ni nani wako?"

"Nilikuambia. Rafi..."

"Natasha!"

Theluji ilikuwa inatua kwenye kioo na kuyeyuka. Nikaangalia mikono yangu.

"Nampenda," nikasema. "Nataka anioe."

"Ahaa." Mama aliegemea kiti. "Sasa umesema. Mimi nililijua hilo tangu siku ile alipokuja kutoa theluji, akakuangalia, ukaangusha kikombe. Rafiki gani anaangushiwa vikombe? Haya, niambie wewe uliyesoma. Mama wa msichana anakwenda nyumbani kwa mkwe. Hakuna mzee wa kwao aliyekanyaga kwetu. Hakuna posa, hakuna hodi, baba yako hajui hata jina lake. Na huyo mama anakaa katikati ya meza, anavua koti, anashika mkono wa mkwe, anatafuna mbele yake na kujipangusa mafuta mdomoni? Nikirudi Kakamega nitawaambia nini watu? Kwamba nilimuuza binti yangu kwa kabeji?"

Nilimtazama kama ndiyo kwanza namwona.

Mila hiyo nilikuwa nimeisikia, kama mnavyosikia habari za vita vya zamani. Mama mkwe hali kwa mkwe kabla mambo hayajasemwa. Hamshiki mkono, hamwangalii usoni. Lakini mimi ni kifungua mimba, nilitoka shule ya bweni nikaingia ndege, na nyumbani kwetu hakujawahi kuingia mkwe hata mmoja nikaona kwa macho yangu. Ningejuaje?

"Ungeniambia!" nililia. "Mama, ungeniambia tu!"

"Nikuambie nini? Wewe uliniambia ni rafiki! Nianze mimi kumwita mtu mkwe na yeye hajatamka neno? Nikutembeze kama kuku wa kuuza?" Sasa na yeye alikuwa analia, kwa hasira, anapangusa machozi kwa ncha ya leso. "Angekuwa rafiki ningekula. Kwa yule jirani wako wa tamale sikula? Kwa padri sikula? Mimi nakula kwa watu wote wa dunia hii, Natasha. Nisipokula kwa mtu, jua mtu huyo nimemwona ni nani."

Nilikuwa na hasira na yeye, na hasira na mimi mwenyewe, na hasira na kila mtu anayedhani mtoto atajua kitu bila kuambiwa. Na chini ya hasira zote hizo moyo wangu ulikuwa unaruka kama mwendawazimu. Nisipokula kwa mtu. Brendan alikuwa jikoni kwake sasa hivi, anadhani amefukuzwa.

"Na Shangazi Alice?"

"Alice mwachie mdomo wake. Yeye aliolewa na mtu wa kwetu, na unajua ndoa ilivyomshinda. Washa gari, tunaganda."

Niliwasha. Nilipofika barabarani nikakata kona kurudi tulikotoka.

"Richfield si huku," Mama alisema.

"Najua."

"Mimi sishuki."

"Usishuke!"

Brendan alinifungulia mlango na sponji mkononi. Macho yalikuwa mekundu. Aliponiona hakusogea kunipisha.

"Una jibu?"

"Wewe ni mkwe!" nikampigia kelele hapohapo mlangoni. Kisha nikamweleza yote, kwa fujo, nikirukaruka, mambo ya koti na mkono na kiti na maji, na yeye amesimama na lile sponji linadondosha povu viatuni.

"Ngoja," alisema. "Amekataa kula kwa sababu amenikubali?"

"Nani amesema amekukubali? Amesema wewe ni mkwe! Kukubaliwa ni kazi nyingine!"

"Kwa hiyo angenichukia, angekula?"

"Angeomba na ya kubeba!"

Brendan alinitazama. Nikaona uso wake unavyofunguka, polepole, kuanzia machoni. Kisha akacheka, kicheko kilichovunjika katikati, akajifuta pua kwa mkono wenye povu. "Yuko wapi?"

"Garini. Hashuki. Na wewe usiende kumkumbatia, tafadhali, utaharibu kila kitu. Brendan! Brendan, sikiliza!"

Alikuwa ameshateremka ngazi, na shati lake jeupe, mikono wazi, ndani ya theluji. Nikamkimbilia. Mama alipomwona anakuja alivuta leso mpaka karibu na nyusi, akageukia upande wa usukani, akateremsha kioo kiasi cha vidole viwili.

"Mwambie asisimame karibu hivyo," alisema.

Nikatafsiri. Brendan akarudi nyuma mpaka akagota kwenye gari la jirani.

"Muulize, kwao ni nani atakayekuja kuongea."

Nikatafsiri na hilo pia.

"Niko tayari kuongea sasa hivi," Brendan akasema.

"Mtu hajisemei," Mama alijibu akiangalia usukani. "Ana watu au ameokotwa?"

Nilipomwambia, Brendan alitoa simu mfukoni, akapiga, akaweka sauti ya nje ili sote tusikie.

"Mama," alisema, "Jumamosi una kazi?"

"Kwa nini?" Mama yake anakaa palepale Saint Paul, na hana subira. "Umevunja nini?"

"Sijavunja kitu. Nataka uvae vizuri uende nami Richfield. Kuna mtu inabidi uongee naye kwa niaba yangu. Kuhusu Natasha."

Ukasikika mlio kama wa sufuria kuanguka, kisha sauti: "Anataka nani mwingine aje? Nimlete mjomba wako? Brendan, nije na nini mkononi?"

"Anasema nini?" Mama aliuliza, na sasa shingo ilikuwa imegeuka kidogo.

"Anauliza aje na nini."

"Aje na kaka yake, kama anaye. Mwambie na mimi nitachinja kuku. Hapana, nyinyi hapa hamchinji. Nitapika kuku. Na kwangu wao watakula, hakuna wa kukataa." Akafikiri. "Muulize kama huyo mama anakula ugali."

Nikauliza. Jibu likatoka, nikalirudisha. Swali lingine likaja. Wakakubaliana Jumamosi baada ya misa ya asubuhi. Wakakubaliana baba yangu apigiwe simu Kakamega leo hii. Wakakubaliana mjomba asiletwe akiwa amekunywa. Maneno yalikuwa yanaruka juu ya kichwa changu kutoka dirishani hadi kwenye simu, nami nimesimama katikati natafsiri kama karani wa mahakama, theluji inaniingia shingoni, mpaka ghafla nikakumbuka kwamba anayepangiwa ni mimi.

"Ngojeni!" nikapiga kelele. "Ngojeni hapohapo! Kuku mmepanga, mjomba mmempanga, siku mmeipanga! Kuna mtu yeyote aliyeniuliza mimi?"

Brendan aliweka simu juu ya paa la gari, akanigeukia. Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa ya samawati na theluji ilikuwa inamyeyukia kwenye mikono, na alinitazama kama hakuna mtu mwingine katika jiji zima.

"Natasha," alisema, meno yakigongana, "utakubali nikuoe?"

"Kavae koti kwanza!" nikamfokea. "Siolewi na maiti mimi!"